Kizuri Hakijiuzi Peke Yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika kila uchao katika masoko ya Pwani ya Kenya, na wapo walioishika kwa mikono miwili. Mmoja wao ni mzee wa makamo ya sabini hivi, mkaazi wa upande wa bara wa Msambweni katika Kaunti ya Kwale, aliyerithi kwa babake shamba la miembe ya ngowe na boribo. Kwa muda wa miaka mingi hakuwahi kutafuta mnunuzi. Wanunuzi ndio waliomtafuta.

Alasiri moja ya mwezi wa Desemba lori la mnunuzi lilisimama chini ya mwembe ulio karibu na nyumba. Baada ya salamu, mzee alichagua embe moja lililoiva, akalikata kwa kisu na kumpa mgeni kipande. "Onja kwanza, mwanangu, ndipo tuseme bei," akamwambia. Mnunuzi alionja, akalamba vidole na kusifu. Hata hivyo, bei aliyoitaja ilikuwa ya chini mno, kwa maana mzigo ule haukuwa na pa kwenda ila soko la Kongowea mjini Mombasa, ambako maembe yalikuwa yamefurika. Mzee alipouliza kwa nini tunda zuri namna ile lisipelekwe ng'ambo, alijibiwa kwa upole: "Mzee wangu, utamu huu tunaujua mimi na wewe. Wale wa ng'ambo hawaji hapa kuonja. Wao huuliza karatasi."

Neno hilo, karatasi, lilimchoma mzee kama mwiba. Je, embe na karatasi vina uhusiano gani? Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, na jibu lake ndilo kiini cha biashara ya mazao ya shambani katika zama hizi.

Ili kulielewa swali hilo, ni vyema kukumbuka jinsi biashara ilivyoendeshwa katika mwambao huu wa kusini, kuanzia Gazi hadi Vanga. Majahazi yalifika kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, mizigo mizito kwa frasila, nazo boriti za mikoko zikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Vipimo vilikuwapo basi, wala si jambo geni lililoletwa na wakati wa sasa. Lakini nguzo ya biashara ile ilikuwa mtu. Nahodha alimjua mwuzaji, akaijua nyumba yake na jamaa zake. Akidanganywa msimu huu, angerudi msimu ujao na kumdai mbele ya watu. Jina la mtu ndilo lililokuwa cheti chake.

Hali ya leo ni tofauti. Embe likivuka kivuko cha Likoni na kupakiwa katika Bandari ya Mombasa au katika ndege, humwendea mlaji asiyemjua mkulima na asiyetarajia kumjua. Baina yao pana bahari, serikali mbili, wachukuzi, mawakala na maduka. Kati ya watu wasiojuana namna hii, uzuri wa kitu hauwezi kujisemea. Unahitaji shahidi. Isitoshe, shahidi huyo hana budi kuwa mtu ambaye neno lake hukubaliwa kotekote, kwa mwuzaji na kwa mnunuzi.

Haja ya shahidi ilidhihirika kwa njia chungu mwaka wa 2003, pale nzi wa matunda mwenye asili ya Asia alipogunduliwa katika pwani ya Kenya. Mwaka wa 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, ambalo lina maana ya mvamizi. Mwaka wa 2015 ikathibitishwa kwamba hana tofauti na nzi wa Asia aitwaye Bactrocera dorsalis. Mabadiliko ya jina hayakumpunguzia mkulima hasara. Nzi jike hutoboa ganda la embe linapokaribia kuiva na kutaga mayai chini yake. Baada ya siku chache mayai huanguliwa kuwa mabuu, nayo mabuu hula nyama ya tunda kutoka ndani. Mwishowe tunda huanguka, mabuu huingia ardhini, na baada ya muda hutoka nzi wapya wakipanda tena mitini.

Ubaya wa adui huyu ni kwamba siku za mwanzo haonekani. Embe lililotobolewa leo asubuhi lina sura ile ile ya embe salama, na ladha yake bado ni ile ile. Mzee wa Msambweni angeweza kulikata, kulionja na kuapa kwa dhati kwamba ni zima, huku mayai yamo ndani. Hapa pana tofauti kubwa kati ya uaminifu na uthibitisho. Mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado asiwe na ujuzi wa lile analoliapia.

Nchi zinazonunua hazihofii tu embe bovu. Huhofia nzi huyo kuhamia katika mashamba yao. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa maembe kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, kabla ya kufungiwa mlango kwa nguvu. Masoko ya Ghuba, ambayo kwa miaka mingi yamepokea sehemu kubwa ya maembe ya Kenya, yalibaki wazi. Soko la Ulaya lilikaa bila maembe ya Kenya kwa takriban miaka saba. Miaka saba ni muda wa kutosha kwa mche wa mwembe kupandwa, kukua na kuzaa.

Hapo ndipo kazi ya mkaguzi inapojitokeza. Nchini Kenya jukumu hili limekabidhiwa KEPHIS, shirika la umma lililoundwa mwaka wa 1996 ili kulinda afya ya mimea. Mkaguzi hawezi kulikata kila embe, kwani akifanya hivyo hapatakuwa na cha kusafirisha. Huchukua sampuli kwa utaratibu uliowekwa, akatazama maganda kwa kioo cha kukuzia, akayapasua baadhi ya matunda na kutafuta dalili za mabuu. Akiridhika hutoa cheti cha afya ya mimea, ambacho muundo wake unatokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1951 kuhusu ulinzi wa mimea. Kwa cheti hicho serikali moja huiambia nyingine kwamba shehena hii imekaguliwa na haikupatikana na wadudu waliokatazwa. Afisa wa forodha aliye maelfu ya maili kutoka Kwale huisoma karatasi hiyo badala ya kuonja embe.

Wasemao kwamba samaki mmoja akioza huoza wote hawakukusudia kontena za maembe, lakini hukumu yao yafaa hapa. Buu mmoja aliye hai akipatikana katika upande wa pili wa bahari, shehena nzima yaweza kuteketezwa au kurudishwa kwa gharama ya aliyeituma. Wala hasara haimkomei huyo. Wanunuzi hawakumbuki jina la msafirishaji. Hukumbuka jina la nchi.

Ikiwa mdudu huonekana kwa kulipasua tunda, ipo hatari nyingine ambayo hata kisu hakiwezi kuifichua. Nayo ni masalio ya dawa za kuulia wadudu. Wakulima wa maharagwe machanga na njegere wa maeneo ya bara ya Kenya walilijua jambo hili walipokumbwa na mkasa wa dawa iitwayo dimethoeti. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa na Umoja wa Ulaya kilikuwa miligramu 0.02 katika kila kilo ya maharagwe. Ukikipiga hesabu, kiasi hicho ni gramu moja ya dawa iliyotawanywa katika tani 50 za mazao. Shehena kadhaa zilipatikana zimezidisha, na kuanzia Januari 2013 Ulaya ikaamuru kwamba asilimia 10 ya shehena za maharagwe na njegere kutoka Kenya zipimwe mipakani. Mboga ikingoja majibu ya maabara hunyauka. Basi hata shehena iliyokuwa safi iliadhibiwa kwa kosa la nyingine.

Ni nani awezaye kuona gramu moja katika tani 50? Hakuna jicho wala ulimi wenye uwezo huo. Ni maabara pekee. Humo sampuli husagwa, masalio hutolewa kwa vimumunyisho, kisha mitambo hutenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa chembe zake. Kwale yenyewe ina mfano mwingine wa jambo lisiloonekana kwa macho. Katika kaunti hii hulimwa mrangi, mti ambao baadhi ya kamusi huuita mzingifuri, na mbegu zake hutoa rangi nyekundu ya kutilia vyakula. Wekundu wa mbegu huonekana na kila mtu, lakini thamani yake katika soko la kimataifa hutegemea kiasi cha biksini kilichomo, na kiasi hicho hujulikana kwa kupimwa tu. Mbegu mbili zilizolingana rangi machoni zaweza kutofautiana bei.

Hata hivyo, msomaji makini atauliza: maabara nayo inaaminiwa kwa nini? Mtambo waweza kuharibika. Mpimaji aweza kuchoka au kukosea. Mwenye maabara aweza kushawishiwa na anayemlipa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na msafirishaji anayejipimia mzigo wake mwenyewe ana kila sababu ya kupata majibu mazuri. Swali hili ndilo linaloleta dhana ya ithibati.

Neno ithibati limo katika Kiswahili tangu jadi kwa maana ya uthibitisho au ushahidi wa kweli. Katika uwanja huu limepanuliwa maana: ni utambuzi rasmi kwamba maabara au shirika la ukaguzi lina uwezo wa kufanya kazi fulani, tena bila kupendelea upande wowote. Kwa maabara, kipimo kinachotumika ni kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025. Kwa mashirika ya ukaguzi ni ISO/IEC 17020. Hapo awali baadhi ya maabara za Kenya zililazimika kuomba ithibati kutoka mashirika ya nchi za nje. Mwaka wa 2009 liliundwa shirika la kitaifa la kazi hiyo, KENAS, na mwaka wa 2019 likapewa sheria yake lenyewe.

Yafaa kueleza ithibati hupatikanaje, kwa kuwa si cheti cha kutundikwa ukutani na kusahauliwa. Wakaguzi wa nje huingia maabara na kuuliza maswali mengi. Mizani hii ililinganishwa lini, na kwa mawe ya uzani yapi? Mawe hayo nayo yalilinganishwa na nini, hadi kufikia kipimo cha taifa? Aliyepima sampuli hii ni nani, na alifunzwa wapi? Majibu yaliandikwa wapi, na nani aliyaangalia upya? Aidha, maabara hutumiwa sampuli ambayo kiasi cha dawa kilichomo kinajulikana kwa waliyoituma pekee, kisha majibu yake hulinganishwa na ya maabara nyingine. Ziara hizi hurudiwa, na anayezembea aweza kunyang'anywa ithibati. Nalo shirika linalotoa ithibati hukaguliwa na mashirika wenzake ya nchi nyingine, ili cheti kilichotolewa mahali pamoja kitambuliwe na penginepo bila bidhaa kupimwa upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndiyo roho ya kazi yote.

Kwa hivyo karatasi iliyomwudhi mzee wa Msambweni si karatasi moja. Ni ncha ya mnyororo mrefu: mlaji humwamini afisa wa forodha, afisa huamini cheti, cheti huegemea mkaguzi na maabara, maabara huegemea ithibati. Pete ya mwisho ya mnyororo huo imo mikononi mwa mkulima mwenyewe, yaani kumbukumbu ya dawa aliyonyunyiza, siku aliyoinyunyiza, na idadi ya siku alizosubiri kabla ya kuvuna. Pete hiyo ikikatika, hakuna maabara iwezayo kuiunga.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana Septemba 2021, Kenya ilipoanza tena kupeleka maembe Ulaya. Mlango haukufunguliwa kwa maneno matamu. Ulifunguliwa baada ya kutengwa maeneo, hasa katika Kaunti ya Makueni, ambamo nzi wa matunda walidhibitiwa na idadi yao kufuatiliwa kwa mitego. Mitego hiyo huwa na harufu inayowavutia nzi dume, nayo matunda yaliyoanguka huokotwa na kuzikwa au kufungiwa ili mabuu wasitoke. Yapo pia maji moto ya takriban nyuzi 46 za Selisiasi, ambamo maembe hutumbukizwa kwa zaidi ya saa moja ili kuua mayai na mabuu bila kuliharibu tunda.

Kwa Kwale, somo hili lina uchungu wake. Pwani ina joto na unyevu ambao nzi huyu huupenda, na miembe haikai katika mashamba makubwa yaliyozungushiwa ua. Imetawanyika penye nyumba, njiani, misikitini na shuleni. Mkulima mmoja aweza kutega mitego na kuzika kila embe lililooza, lakini jirani akiyaacha yake yaoze chini ya mti, nzi hawajui mpaka wa shamba. Eneo lisilo na nzi haliwezi kuwa la mtu mmoja. Ni kazi ya kijiji kizima, kazi ya ujima, na kwa upande huo inafanana na desturi za zamani za watu wa Pwani kuliko inavyofanana na mambo ya ofisini.

Hapana budi kukiri kwamba mfumo huu una dosari. Kupima sampuli kuna gharama, na mwenye miembe ishirini hawezi kubeba mzigo unaobebwa na kampuni kubwa. Ndiyo maana vyama vya ushirika vina umuhimu, kwani wengi wakiungana, sampuli moja na daftari moja vyaweza kuwatumikia wote. La sivyo, ithibati itageuka kuwa ukuta wa kuwazuia wanyonge.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Uangalifu wote huu humlinda mlaji wa mbali. Je, mtoto anayenunuliwa embe katika soko la Ukunda, kilomita chache kutoka hoteli za Diani, hulindwa na nani? Maharagwe yaliyokataliwa kwa ajili ya dawa hayageuki kuwa salama kwa sababu yamebaki nyumbani. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi hayo hayakuwa ya kusafirishwa. Yalikuwa chakula cha nyumbani, na hakuna afisa wa forodha aliyesimama kati ya gunia na sufuria. Taifa linalojua kupima gramu moja katika tani 50 kwa ajili ya mgeni lina deni la kumpimia mwenyeji pia. Maabara zilizojengwa kwa ajili ya soko la nje zikitumiwa kwa soko la ndani, faida yake itazidi fedha za kigeni.

Dosari ya tatu inawahusu moja kwa moja wapenzi wa Kiswahili. Viwango, fomu na taratibu za ukaguzi huandikwa aghalabu kwa lugha ya kigeni, ilhali anayetakiwa kuzitekeleza ni mkulima anayewaza na kusema kwa Kiswahili au Kidigo. Mtu haambiwi asubiri siku saba kabla ya kuvuna kwa lugha asiyoielewa, kisha akalaumiwa kwa kuvuna siku ya tatu. Lugha iliyotupa kibaba, pishi, frasila na korija haishindwi kueleza sampuli, masalio, ukaguzi na ithibati. Istilahi zimekwisha kuwapo. Kinachohitajika ni wanafunzi na walimu wazitoe katika kamusi na kuzifikisha chini ya mwembe.

Yasemekana mzee yule hakulala mapema usiku wa siku ile. Kulipokucha alimwita mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa shule ya upili, akampa daftari lililobaki na kurasa nyeupe. "Andika, mjukuu wangu," akasema. "Tarehe ya leo. Kisha andika kwamba hatujanyunyiza kitu." Baadaye wawili hao walichukua jembe na kapu, wakaokota maembe yote yaliyoanguka, wakachimba shimo refu na kuyafukia. Jirani aliyekuwa akipita aliuliza ni maziko ya nani. Mzee alimwita aje ashike jembe.

Maembe yake hayajafika Ulaya, na huenda yasifike mapema. Lakini mti wake mmoja umeanza kuwa na habari zilizoandikwa, na habari hizo zaweza kusomwa na mtu asiyemjua. Kizuri bado chajiuza kwa yule anayekionja. Kwa aliye mbali kinahitaji shahidi, na shahidi wa kwanza ni yule anayekilima.